Kungoja si Kukaa Bure

Maneno yangu ya leo yahusu jambo ambalo kila mmoja wetu amekwisha kulionja, naye huenda akalionja tena kabla hajaiaga dunia. Nalo ni kungoja. Nataka tuulizane swali moja tu: Mtu amngojeapo Mungu kwa muda mrefu, mwaka baada ya mwaka, wala haoni jibu, afanyeje hata asiiache imani yake njiani?

Kuna kungoja kwepesi, na kuna kungoja kuzito. Mkulima huingoja masika, lakini anajua mwezi wake. Mvuvi hungoja maji yajae, naye aweza kuhesabu saa. Mwanafunzi hungoja matokeo ya mtihani, na ijapokuwa moyo wake hupiga, siku ya kutangazwa itafika. Kungoja kwa namna hiyo kuna kalenda. Lakini kuna kungoja kusiko na kalenda. Mama amemwomba Mungu mtoto, na miaka kumi imepita. Mgonjwa ameomba afya, na kila asubuhi maumivu ni yale yale. Mzee ana mwana aliyesafiri, wala haijaja barua. Hawakuomba anasa watu hawa. Wameomba jambo jema kwa moyo safi, na mbingu kwao ni kimya.

Hapo ndipo imani ijaribiwapo. Nami nimeona ya kuwa ni watu wachache sana wanaomkana Mungu ghafula kwa sababu ya kungoja. Walio wengi huanza kwa kupunguza kidogo kidogo. Sala iliyokuwa ndefu huwa fupi, na iliyokuwa fupi huachwa. Kazi iliyofanywa kwa uangalifu hufanywa ovyo, kwani mtu asema moyoni mwake, kuna faida gani? Kisha huanza kuwaonea wivu waliopewa upesi. Imani ya mtu wa namna hiyo haikukatwa kwa kisu. Imeliwa na kutu.

Najua kuwa wengi mnaonisikiliza ni Waislamu, na baadhi yenu ni Wakristo kama nilivyo mimi. Katika jambo hili hatuna shindano. Sote twamjua Nabii Ayubu na misiba yake, sote twamjua Yusufu aliyetupwa shimoni na ndugu zake, na sote tangu utoto tumefundishwa ya kuwa subira ni ufunguo wa faraja. Ila mara nyingi twautaja ufunguo huo bila ya kuonyeshana jinsi unavyotiwa katika kufuli. Ndiyo maana nataka leo tutazame mifano, tuone subira yenyewe hufanya kazi gani mchana kutwa.

Mfano wa kwanza tunao hapa hapa bandarini. Zamani, majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi yalikuja Unguja kwa pepo za kaskazi, na hayakuweza kurudi kwao mpaka kusi ianze kuvuma. Nahodha awe hodari namna gani, hakuweza kuuamuru upepo ugeuke. Alilazimika kungoja. Je, alikaa juu ya bao la mchezo siku zote hizo? Nahodha mwenye akili hakufanya hivyo. Alikipandisha chombo chake pwani, maji yakatoka, akautazama ubao mmoja mmoja. Palipolegea palikalafatiwa kwa pamba, chini pakapakwa deheni. Tanga lililochanika lilishonwa, kamba zilizolika zikabadilishwa, mapipa ya maji yakasafishwa. Hata kusi ilipoanza, chombo kilikuwa tayari. Nahodha mvivu naye aliuona upepo ule ule, siku ile ile. Lakini chombo chake kilikuwa kikivuja. Upepo ulikuwa kazi ya Mungu. Kukalafati ilikuwa kazi ya nahodha.

Shikeni tofauti hiyo, kwani maneno yangu yote ya leo yanaitegemea. Katika kila kungoja kuna sehemu ya Mungu, ambayo hatuwezi kuiharakisha, na kuna sehemu yetu, ambayo Mungu hatatufanyia.

Sasa nataka kuwasimulia habari ya kungoja iliyotokea katika mji huu wa Unguja, nayo imeandikwa katika vitabu vya historia. Mwaka wa 1857 Dakta Livingstone alisimama mbele ya wasomi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, huko Uingereza, akawaomba watu waende Afrika ya Kati ili kuipeleka Injili na kupigana na biashara ya watumwa. Kwa ajili ya maneno yale ikaundwa Misheni ya Vyuo Vikuu. Shabaha yake ilikuwa nchi zilizo karibu na ziwa Nyasa. Mwaka wa 1861 watu wake wa kwanza wakafika Magomero, katika nchi iitwayo leo Malawi, wakajenga huko. Lakini vita, njaa na homa vikawazunguka. Askofu wao, Mackenzie, akafariki mwezi wa Januari 1862, na baadhi ya wenzake wakamfuata kaburini. Askofu wa pili, Tozer, alipofika aliona kuwa hapakaliki. Akaihamisha misheni, na mwezi wa Agosti 1864 akashuka Unguja pamoja na rafiki yake, Dakta Edward Steere.

Watu wengi wa Uingereza hawakupendezwa hata kidogo. Livingstone mwenyewe alilaumu sana. Watu hawa walitumwa ziwani, nao sasa wako kisiwani, mamia ya maili mbali na mahali walipoagizwa kwenda. Wangefanya nini? Njia ya kwenda ziwani ilikuwa ngumu, hawakuijua lugha, wala hawakuwa na watu. Basi wakangoja, na katika kungoja kwao wakafanya kazi tatu ndogo.

Kazi ya kwanza waliletewa mlangoni. Katika mwaka ule ule wa 1864 Sultani Majid alimpa Askofu Tozer watoto watano wa kiume waliotekwa katika jahazi la watumwa. Watoto watano tu! Watu waliokuwa na nia ya kuzifikia nchi nzima za ziwa Nyasa wakapewa watoto watano, wasioweza hata kuzungumza nao vizuri. Mwenye kiburi angesema, mimi sikuja kulea watoto. Lakini waliwapokea, wakawalisha, wakawafundisha kusoma. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa skuli iliyokuja kujulikana sana, skuli ya Kiungani.

Kazi ya pili ilikuwa lugha. Dakta Steere alikuwa amekuja kumsindikiza rafiki yake, kwa nia ya kukaa muda mfupi tu kisha arudi kwao. Lakini alianza kuketi na watu wa mji huu, akiwasikiliza na kuandika. Aliwasikiliza watu wa Unguja wakisimulia hadithi zao, na hadithi hizo zikapigwa chapa mwaka wa 1870, na mwaka huo huo kikatoka kitabu chake cha kuifundisha lugha yenyewe. Tukumbuke kuwa waalimu wake katika jambo hilo walikuwa Waswahili, na wengi wao Waislamu. Kama wenyeji wasingalikuwa na subira na mgeni yule aliyeuliza neno moja mara kumi, tusingalikuwa na vitabu vile.

Kazi ya tatu ilikuwa kiwanda cha kupigia chapa. Vijana wa misheni wakafundishwa kupanga herufi na kuchapa karatasi kwa mikono yao wenyewe. Ikawa kila ukurasa wa tafsiri ukiisha, hupangwa, huchapwa, husomwa na kusahihishwa.

Miaka ikapita hivyo. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ikakipiga kisiwa chetu. Mikarafuu mingi mno ya Unguja iling'oka, vyombo vya Sultani Barghash vikaangamia bandarini. Na mwaka wa 1873 Askofu Tozer, kwa kuwa afya yake ilikuwa imevunjika, akajiuzulu. Jaribuni kujitia mahali pa watu wale. Miaka tisa imepita tangu waje Unguja. Ziwa hawajalifikia. Baadhi ya wenzao wamekufa, mkubwa wao ameondoka mgonjwa, kisiwa kimeharibiwa. Mtu aliyezitazama hesabu zile peke yake angesema kuwa kazi imekwisha.

Lakini katika mwaka huo huo upepo ulianza kugeuka. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, ambao walikuwa wametishia kuizuia bandari kwa manowari zao; na kwa mkataba huo soko la watumwa la Unguja likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka ule, likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale pa soko, Mkunazini. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na tajiri mmoja wa Kihindi. Mwaka uliofuata Steere alifanywa askofu, na kazi ya kujenga ikawa mikononi mwake. Paa alilolitaka halikuwa la miti wala makuti. Lilikuwa kuba ndefu ya mawe ya matumbawe na saruji, lisilo na nguzo katikati. Watu waliotazama walisema litaanguka. Paa lile lingalipo hata leo, na kila apitaye Mkunazini aweza kuliona.

Kisha matunda yakaja, moja moja, kila moja kwa wakati wake. Mwaka wa 1876 Steere alifuatana na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakasafiri kuelekea pande za ziwani, wakakaa Masasi. Mwaka wa 1879 John Swedi, mmoja wa wale watoto watano wa 1864, alifanywa shemasi, naye akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupata daraja hiyo. Mwaka wa 1885 misheni ikajenga makao yake katika kisiwa cha Likoma, ndani ya ziwa Nyasa lenyewe. Tangu Unguja hata Likoma ilikuwa imepita miaka 21. Mwaka wa 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa akiwa mtoto na kusomeshwa Kiungani, akafanywa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile. Naye alikuwa akifanya kazi Chitangali, kati ya Wayao wenzake. Mtoto aliyetolewa kwao kwa nguvu akawarudia watu wake akiwa mwalimu wao. Na mwaka wa 1891 Biblia nzima ikatoka katika lugha ya Kiswahili.

Sasa tazameni jambo moja. Njia ya kufika ziwani ilifunguliwa na nini? Ilifunguliwa na zile kazi tatu ndogo za wakati wa kungoja: watoto, lugha na chapa. Bila ya watoto wale wasingalikuwapo waalimu. Bila ya lugha wasingalikuwa na neno la kusema. Wala faida ya lugha haikuishia kwao. Kiswahili hicho cha Unguja, kilichoandikwa na kuchapwa katika miaka ile, ndicho kilichochaguliwa mwaka wa 1928, katika mkutano wa Mombasa, kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu cha Afrika ya Mashariki. Leo mtoto wa Kigoma na mtoto wa Makunduchi husoma kitabu kimoja. Watu waliolaumu mwaka wa 1864 walidhani kuwa miaka ya Unguja ni miaka iliyopotea.

Nikiishia hapa, wasikilizaji wangu, nitakuwa nimewapa hadithi tamu, na nitakuwa nimewadanganya kidogo. Kwa kuwa si kila angojaye huona. Mwanafunzi mmoja aweza kuniuliza, na yule aliyekufa kabla upepo haujageuka, je?

Ni swali la haki. Dakta Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi iitwayo sasa Zambia. Alikuwa mgonjwa, amechoka, na miaka yake ya mwisho aliyaona maovu ya biashara ya watumwa kwa macho yake, asiweze kuyazuia. Mkataba wa kulifunga soko la Unguja ulitiwa sahihi tarehe 5 Juni. Hesabuni: ni siku 35. Alilala gizani, na alfajiri ilikuwa imebakiwa na siku 35. Watumishi wake, Susi na Chuma pamoja na wenzao, wakauzika moyo wake chini ya mti huko Chitambo, kisha wakauchukua mwili wake kwa miguu hata pwani, Bagamoyo. Katika kanisa la Mkunazini upo msalaba uliochongwa kwa mti ule. Hivyo mti uliokuwa juu ya moyo wa mtu asiyeona, leo umesimama mahali pa jambo alilolitamani.

Naye Steere alifariki mwezi wa Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Hakumwona Majaliwa akifanywa kasisi. Hakuiona nyumba ya Likoma. Hakuishika mkononi Biblia nzima ya Kiswahili, ijapokuwa kwa miaka mingi aliifanyia kazi. Mkulima wa kisiwa hiki ataelewa maneno haya kuliko mtu yeyote. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita au minane, na hukaa miaka mingi zaidi hata uzae sawasawa. Mzee wa miaka sabini apandapo mche, anajua vizuri atakayeuchuma ni nani. Mbona apanda? Apanda kwa sababu ana imani ya kuwa dunia ya Mungu haiishi pamoja naye.

Basi kukaa katika imani hakumaanishi kuwa na hakika ya kuona kwa macho. Ni kuwa na hakika ya yule tunayemngoja.

Lakini sasa nataka kusema neno lililo zito kuliko yote, nalo ni juu ya watumwa wenyewe. Soko lilifungwa mwaka wa 1873, lakini utumwa haukuisha siku ile. Mtu aliyekuwa mtumwa katika shamba la mikarafuu aliendelea kuwa mtumwa. Tufani ya 1872 ilipoiangusha miti, mikono iliyolazimishwa kupanda mipya ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mikono ya watu wasiomiliki hata jembe. Sheria ya kuondoa hali ya utumwa hapa Unguja na Pemba ilitoka mwezi wa Aprili 1897, wakati wa Sultani Hamoud bin Mohammed. Tangu kufungwa soko ilikuwa imepita miaka 24. Tena sheria ile ilimtaka mtumwa mwenyewe aende kuomba uhuru wake, na masuria hawakuhesabiwa ndani yake. Wao walingoja mpaka mwaka wa 1909.

Mwanamke aliyekuwa na miaka kumi mwaka wa 1873 alikuwa na miaka arobaini na sita mwaka wa 1909. Je, nani aliyemngojesha mwanamke huyo? Tusithubutu kusema kuwa ni Mungu. Waliomngojesha ni watu: wenye mashamba waliotaka karafuu zichumwe kwa bei ndogo, na wakubwa wa serikali, wa hapa na wa Ulaya, walioogopa hasara ya mali kuliko kilio cha mtu. Bila shaka wengi katika watumwa wale walimwomba Mungu usiku na mchana, na wengi walikufa wakiomba. Subira yao yastahili heshima. Lakini yule aliyekaa barazani akinywa kahawa, akamwambia mtumwa wake, subiri, subira yavuta kheri, huyo alilichukua neno takatifu akalifanya mnyororo.

Kwa hiyo nawapa kipimo, kikae pamoja nanyi. Anayengoja ana haki ya kujihimiza nafsi yake kwa neno la subira. Anayengojewa hana haki hiyo. Tajiri aliyezuia ujira wa kibarua asimwambie kibarua asubiri, na amlipe. Mume aliyemwacha mkewe bila ya habari wala matumizi asimsifu kwa uvumilivu wake. Na arudi au aandike. Mwenye hukumu asiyetaka kukata shauri la maskini asilitaje jina la Mungu katika kuchelewa kwake. Mahali ambapo mkono wa mwanadamu waweza kuondoa dhiki leo, kuiita dhiki hiyo mapenzi ya Mungu ni dhambi. Na yeye aliyedhulumiwa, akienda barazani kudai haki yake, hajaiacha subira. Nahodha akalafatiye chombo chake hampingi Mungu mwenye upepo.

Sasa turudi kwa yule tuliyeanza naye, aliye katika kungoja kusiko na kalenda, ambako hakuna mwanadamu wa kulaumiwa. Afanyeje? Mimi ni mwalimu, na waalimu hupenda mambo yaliyo wazi; basi nitasema mambo matatu yawezayo kufanywa na mtu yeyote.

La kwanza, asiache kusema na Mungu, hata kama hana maneno mazuri. Watu wengi hudhani ya kuwa mwenye imani halalamiki. Someni habari za Ayubu katika Biblia. Alilia, akauliza, akailaani siku ya kuzaliwa kwake. Na Zaburi zimejaa vilio vya watu waliomwuliza Mungu mpaka lini. Mtoto aliaye akiwa ameshika nguo ya mama yake bado yu pamoja na mama yake. Aliye katika hatari ni yule aliyenyamaza akaenda zake. Basi, sala yako ikiwa imepungua mpaka imebaki neno moja, liseme neno hilo moja, kila siku, saa ile ile. Wakati wa dhiki sala fupi yenye saa yake hudumu kuliko sala ndefu ingojayo moyo uchangamke.

La pili, afanye vizuri kazi iliyo karibu. Yusufu alipokuwa gerezani Misri, hakutegea kazi kwa sababu alifungwa bila ya hatia. Alifanya kazi ya gereza kwa uaminifu hata akawekwa juu ya wafungwa wenzake. Alimfasiria ndoto mnyweshaji wa Farao, na mnyweshaji alipotoka akamsahau miaka miwili mizima. Lakini kule kuzoea kutunza mali ya watu na kupanga kazi, alikojifunza nyumbani mwa Potifa na gerezani, ndiko alikotumia baadaye kuilisha Misri nzima wakati wa njaa. Gereza lilikuwa skuli yake, wala yeye hakujua. Nawe hujui kazi hii ndogo ya leo itatumika wapi. Wewe mwanafunzi uliyeshindwa mara ya kwanza, unayengoja nafasi nyingine, soma leo. Wewe mama uliyenyimwa mtoto, pengine jirani yako amekufa akaacha mtoto asiye na wa kumwogesha. Sisemi kuwa yeye atakuondolea huzuni yako. Nasema kwamba watoto watano wa 1864 hawakuwa ziwa Nyasa. Walikuwa watoto watano, na waliopendwa kwa ajili yao wenyewe.

La tatu, asingoje peke yake. Kwetu mtu akifiwa hatumwachi. Tunatandika mikeka, tunakaa naye, tunapika na kuteka maji. Lakini mtu mwenye kungoja kwa muda mrefu hana matanga. Huzuni yake haina siku ya kwanza wala siku ya arobaini, basi majirani huchoka au husahau. Tena wapo wanaoongeza chumvi katika jeraha kwa kuulizauliza: Bado tu? Umetenda dhambi gani? Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipokaa naye chini kimya. Waliharibu walipofungua vinywa na kuanza kumhukumu. Kama unamjua mtu wa namna hiyo katika mtaa wako, mwendee. Huna haja ya kumfasiria siri za Mungu. Kaa naye, umsaidie kubeba ndoo ya maji, kisha urudi tena wiki ijayo.

Na ninyi wazee, waambieni vijana habari za kungoja kwenu. Kijana wa leo humwona mzee mwenye nyumba na wajukuu, akadhani alizaliwa navyo. Hajui miaka mliyolala na njaa, wala mche ule wa kwanza uliokauka. Mkinyamaza, vijana watadhani kuwa wao peke yao ndio waliosahauliwa na Mungu.

Wakati wangu umekwisha. Huenda yuko mtu mmoja anayenisikiliza jioni hii, katika mji au katika shamba, ambaye kwa muda mrefu ameomba jambo moja, naye amekaribia kuacha. Kwake nina neno hili la mwisho. Mimi sijui upepo wako utageuka lini, wala sitakuahidi jambo ambalo Mungu hakunipa ruhusa ya kuliahidi. Lakini kesho asubuhi jua litakapotoka, kutakuwa na sala moja ya kusali na kazi moja ya kufanya. Isali, kisha uifanye. Na kesho kutwa vile vile.

Mungu awape usiku mwema. Kwaherini.